Kitabu gani cha dreva za Linux? Jibu langu kwa mdogo wetu wa Shasha



Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja wa Shasha, anayesoma informatike hapa Goma, alinipigia simu usiku. "Yaya, nimepata makuta kidogo, minataka kununua kitabu ya dreva za Linux. Banasema ile ya zamani imezeeka. Njo nitanunua gani?" Nilimwambia asinunue kitu chochote kwanza, aweke makuta yake mfukoni mpaka nimwandikie. Baadaye nikaona swali hili linarudi kila mwaka na kila promo, basi bora nijibu hapa mbele ya wote. Mwenye kupinga apinge.

Kwa wale ambao hawakusoma informatike: dreva ni kipande cha programu kinachokaa ndani ya kerneli, yaani moyo wa Linux, na kazi yake ni kuongea na kifaa kimoja: kibodi, modemu, kadi ya sauti. Kwetu Kongo neno shofere lingefaa kabisa. Programu zingine ni abiria, zinasema tu "nifikishe pale"; shofere ndiye anayejua gia na breki. Kuna wanaosema kiendeshi. Neno zuri, lakini sijamsikia mtu akilitumia mtaani, kwa hiyo nabaki na dreva.

Sasa, zile listi za vitabu zinazozunguka kwenye simu zetu. Zote zimepangwa kwa mwaka: kipya juu, cha zamani chini, na kwenye kile cha zamani wanaandika "usipoteze muda". Mimi nasema kipimo hicho ni kibaya kwa mtu wa kwetu. Kinaweza kumfaa mtu mwenye intaneti usiku na mchana, ambaye mstari mmoja ukikataa anatafuta jibu kwa dakika mbili. Mtu anayesomea Shasha, anayechaji laptopu kwa plaki ya jua na kupanda moto hadi Sake kutafuta mtandao mzuri, anahitaji kitabu kinachomfundisha kufikiri akiwa peke yake. Mwaka uliochapishwa kwenye jalada haukuambii kama kitabu kinaweza hilo.

Nitaeleza nilivyofika hapo.

Niliponunua modemu yangu ya kwanza ya USB, zile tunazoita kle, niliichomeka kwenye laptopu yenye Ubuntu na haikufanya kitu. Nikaandika lsusb, nikaiona: namba ya mtengenezaji 12d1, ndiyo Huawei. Mashine ilikuwa inaiona, lakini ilisema ni CD. Si modemu, CD! Nilidhani nimeuziwa kitu kibovu, nikarudi kumgombeza muuzaji. Yeye akaichomeka kwenye Windows yake ikafanya kazi palepale, nikarudi nyumbani na aibu yangu.

Baadaye nilielewa. Modemu za aina hiyo zimebeba ndani yake programu ya kuziweka kwenye Windows, na zikiwashwa zinajitambulisha kwanza kama CD ili programu hiyo isomeke. Lazima zipewe ujumbe maalumu ndipo zigeuke kuwa modemu. Kwenye Linux kazi hiyo inafanywa na programu ya Josua Dietze inayoitwa usb_modeswitch. Ikishageuka, dreva iitwayo option inaikamata. Fungua faili yake, option.c, kwenye folda ya drivers/usb/serial, utakuta orodha ndefu sana ya namba: mtengenezaji huyu na kifaa hiki, mtengenezaji yule na kifaa kile. Namba ya kle yako isipokuwa kwenye orodha, dreva haiigusi, hata kama inaweza kuiendesha bila shida. Ukiiongeza, inaanza.

Hapo ndipo swali liliponishika. Kwa nini kuongeza namba mbili kunatosha? Nani anaisoma orodha hiyo, na lini? Niliuliza wakubwa wangu, mmoja akaniambia "ni vile tu". Jibu nililipata kwenye kile kitabu cha "usipoteze muda". Ni Linux Device Drivers, toleo la tatu, cha Jonathan Corbet, Alessandro Rubini na Greg Kroah-Hartman, kilichotolewa na O'Reilly mwaka 2005. Sura ya 13 ni ya USB. Inaeleza kwamba dreva inaikabidhi kerneli jedwali la vifaa inavyovijua. Kifaa kikichomekwa, kerneli inalinganisha namba, na zikikubaliana inaita funksheni ya dreva iitwayo probe, kana kwamba inasema "mgeni wako amefika, mpokee". Kikichomolewa inaita disconnect. Kitabu kilichoandikwa kabla kle yangu haijatengenezwa ndicho kilichonieleza kle yangu.

Basi tukiseme kitabu hiki vizuri, uzuri wake na ubaya wake, maana wengi wanaokitukana hawajakifungua, na wengi wanaokisifu wamekiweka tu kwenye flashi.

Kiliandikwa kwa kerneli 2.6.10. Kina kurasa zaidi ya 600 na sura 18. Mfano wa kwanza kabisa, moduli inayosalimia tu ikiingia na kuaga ikitoka, bado unakompaili kwenye kerneli za leo karibu bila kugusa kitu. Hapo mwanafunzi anafurahi, anadhani mambo ni mepesi. Anaenda kwenye mfano mkubwa wa kitabu, dreva iitwayo scull, ambayo haiendeshi kifaa chochote ila inachukua sehemu ya kumbukumbu ya mashine na kuifanya ionekane kama kifaa. Anaandika make, na skrini inajaa makosa. Faili ya linux/config.h haipo, iliondolewa zamani. Ile njia ya zamani ya ioctl iliondolewa mwaka 2010. Funksheni ya access_ok ilikuwa inapokea vitu vitatu, tangu toleo 5.0 la mwaka 2019 inapokea viwili. Mwanafunzi anafunga laptopu, anaandika kwenye grupu kwamba kitabu kimekufa.

Na hapo anakosea, kwa sababu scull ni mfano uliochaguliwa kwa akili sana kwa watu kama sisi. Huhitaji kununua kifaa. Huhitaji bodi ya kuagiza Ulaya, wala sensa, wala waya. Unahitaji laptopu moja, hata nzee. Waandishi walijua kwamba si kila msomaji ana maabara, wakatengeneza kifaa cha hewa ambacho kila mtu anacho.

Kuna sura moja ambayo kwangu inatosha kukihalalisha kitabu kizima, nayo ni ya tano, juu ya mambo mawili kutokea kwa wakati mmoja. Inaanza kwa kurudi kwenye scull ileile ambayo umetoka kuisoma sura mbili nyuma, na kukuonyesha kwamba ina kosa. Fikiria nyumba ya kuchajia simu, pale penye plaki na tundu nyingi. Watu wawili wanaingia pamoja, kila mmoja anaona tundu ileile iko tupu, kila mmoja anageuka kutoa chaja yake. Kwenye scull, programu mbili zinaandika kwa wakati mmoja. Zote mbili zinaangalia kielekezi, zinakikuta kitupu. Zote mbili zinaomba kumbukumbu. Ya kwanza inaweka anwani yake, ya pili inaweka yake juu. Kumbukumbu ya kwanza imepotea. Hakuna anayejua iko wapi, hakuna wa kuirudisha, mpaka mashine izimwe. Na ukijaribu peke yako nyumbani huenda usilione kosa hilo hata siku moja.

Ni vitabu vichache vya kufundishia nilivyosoma ambavyo vinakukamata namna hiyo: kwanza vinakuacha uamini msimbo, halafu vinakuonyesha uliamini nini. Baada ya sura hiyo sikuandika tena mstari wa dreva bila kujiuliza ni nani mwingine anaweza kuwa hapa sasa hivi.

Sura hiyo niliisoma kwa kuchelewa, na nililipa. Wakati ule nilikuwa najitafutia chakula kwa kuchapa TFC za wanafunzi. Nilikuwa na mashine moja tu. Mchana mmoja, faili ya mteja ikiwa wazi, nikasema ngoja nijaribu moduli yangu kidogo. Mashine ikaganda, hata kipanya hakikusogea. Nikaizima kwa nguvu. Kurasa 14 za mteja sikuwa nimezihifadhi, na zilikuwa za kukabidhiwa kesho yake asubuhi. Nilizichapa upya usiku kucha kwa karatasi zake za mkono. Programu ya kawaida ikikosea inakufa yenyewe. Dreva ikikosea inaweza kuondoka na nyumba nzima.

Nasema haya kwa sababu ya kitabu kingine ambacho listi zote zinakipenda, The Linux Kernel Module Programming Guide. Ni cha bure, kifupi, kilianzishwa na Ori Pomerantz zamani, na siku hizi kinatunzwa na Jim Huang na wenzake, ambao wamekifikisha kwenye kerneli za 5 na 6. Mifano yake inakompaili. Ni kizuri kwa wiki ya kwanza, nakipendekeza. Shida yangu nacho ni mwendo: kinakufikisha kwenye insmod upesi, unaona umeshakuwa fundi, na sababu ya kila kitu kufanywa hivyo inapita haraka. Moduli iliyogandisha mashine yangu niliianza kutoka humo. Kosa lilikuwa langu, msimbo niliuharibu mwenyewe, lakini sikuwa na hofu niliyopaswa kuwa nayo.

Turudi kwenye mzee wetu. Kuna sehemu zake ambazo leo ningemwambia mwanafunzi aziruke bila huruma. Sura ya 16, ya diski: tabaka inayoielezea ilibadilishwa kabisa, na njia ya zamani ikaondolewa katika 5.0. Sehemu za sura ya 9 na ya 10 zinatumia mlango wa printa wa zamani, ule mpana. Zinakwambia uunganishe pini ya 9 na ya 10 kwa waya ili kuzalisha intarapti. Tafuta laptopu ya leo yenye mlango huo uniite nije kuiona. Na kuna vitu ambavyo havimo kabisa. Hakuna neno juu ya jinsi bodi za ARM zinavyoieleza kerneli vifaa vyake kwa faili maalumu, jambo ambalo leo huwezi kulikwepa ukitaka kugusa Raspberry Pi. Hakuna zile funksheni zinazoanza na devm, ambazo zinarudisha zenyewe kila ulichokopa dreva ikiondoka. Kitabu kinakufundisha kurudisha kwa mkono, kimoja kimoja, kwa kuruka na goto. Ila hapo sijui kama ni hasara. Aliyewahi kurudisha kwa mkono anajua devm inamfanyia nini.

Toleo la nne lilitangazwa, tukalisubiri, halikutoka. Wengine wanaona huo ni ushahidi kwamba kitabu cha namna hii hakiwezekani tena. Kerneli yenyewe ina waraka, ulioandikwa na huyohuyo Kroah-Hartman, unaosema wazi kwamba miunganiko ya ndani haitaahidiwa kubaki ilivyo. Kwa hiyo kitabu chochote cha dreva kinaanza kuzeeka siku kinapotoka mtamboni. Kipya cha leo ni cha zamani cha kesho kutwa. Ukikubali hilo, swali la "kipi kipya" linapungua nguvu, linabaki swali la kipi kitakuachia kitu kikishazeeka.

Vingine nitavipitia haraka. Linux Kernel Development cha Robert Love, toleo la tatu, 2010: si cha dreva, ni cha kerneli kwa ujumla, kimeandikwa kwa Kiingereza chepesi kuliko vyote. Kwa sisi tuliofundishwa kwa Kifaransa hilo si jambo dogo. Kisome pembeni. Kwa Kifaransa kuna Linux embarqué cha Pierre Ficheux, Eyrolles, kizuri, lakini kinahusu zaidi kujenga mfumo mzima wa Linux kwa kifaa kidogo. Vitabu vya Kaiwan Billimoria vya 2021, na toleo jipya la 2024 linalotumia kerneli 6.1, ni vya mtu mwenye subira ya kupita. Vinaeleza kila hatua, wakati mwingine mara mbili, na vinataka ufanyie kazi ndani ya mashine ya bandia. Ushauri sahihi, ila kwenye laptopu ya giga 4 utakunywa chai mbili ukisubiri.

John Madieu anastahili zaidi ya mstari mmoja. Linux Device Drivers Development yake ya 2017, na toleo la pili la 2022, zinajaza pengo lile la mzee: bodi za ARM, I2C, SPI, sensa, yote. Mwenye kutaka kazi ya vifaa vidogo lazima amsome. Malalamiko yangu ni kwamba mara nyingi anakupa muundo, anaorodhesha sehemu zake moja baada ya moja, halafu anaendelea na muundo mwingine. Unabaki na kamusi nzuri mkononi, ila hadithi huioni. Na mifano mingi inadai bodi. Asiye na bodi anasoma kama mtu anayejifunza kuogelea Ziwa Kivu akiwa amekaa kwenye mchanga.

Sasa jambo ambalo sijaliona kwenye listi yoyote. Kitabu kinasafirije?

Februari 2024, vita vilipofika Shasha na barabara ya Sake kwenda Minova ikakatika, nyumbani walitoka na walichoweza kubeba. Nilikuwa na kitabu kimoja cha karatasi, Understanding the Linux Kernel cha Bovet na Cesati, kurasa zaidi ya 900, nilichotumiwa na mjomba kutoka Kampala kwa gharama ambayo sikumuuliza. Kilibaki. Nani atabeba kilo za karatasi wakati kuna watoto wa kubeba? Kilichotoka ni flashi moja, ilikuwa kwenye mfuko wa suruali ya mdogo wangu. Ndani yake kulikuwa na Linux Device Drivers nzima, na kerneli 5.15 iliyobanwa, mega mia na kitu tu.

Kitabu hicho kina leseni inayokuruhusu kukinakili, kumpa mwenzako, kukibadilisha, hata kukitafsiri, mradi utaje waandishi na utoe kwa masharti yaleyale. Ukimpa rafiki hujaiba. Vya Madieu na Billimoria havina ruhusa hiyo kwa ujumla, na zile PDF zake zinazozunguka kwenye magrupu, tuseme ukweli, wengi wetu tunajua zilitoka wapi. Kwa watu ambao maktaba yao ni flashi, leseni ni sehemu ya ubora wa kitabu, sawasawa na maelezo yake. Na hapo kwenye ruhusa ya kutafsiri, mimi nina hamu ya kuiona sura ya tano kwa Kiswahili. Kama kuna wawili watatu wa kunisaidia, tuongee.

Basi nilimwandikia mdogo wetu hivi. Asinunue kitabu. Anunue mega, na aende mahali penye mtandao mzuri mara moja. Apakue Linux Device Drivers, apakue kerneli ya toleo lilelile linaloendesha mashine yake, faili iliyobanwa na si historia yote ya git, maana hiyo ni giga kwa giga. Apakue pia scull iliyorekebishwa kwa kerneli mpya. Javier Martinez aliitengeneza na kuiweka wazi kwa wote. Halafu arudi nyumbani na azime data. Asome sura ya 1 hadi ya 8, na ya 13. Kila funksheni ikikataa, asikimbilie mtandao: aitafute kwa grep ndani ya kerneli yake, aone dreva tatu za leo zinaitumiaje, alinganishe na kitabu. Kile kitabu kinachosema na kile kerneli inachofanya vikitofautiana, aandike kwenye daftari kwa nini. Akimaliza, makuta yake anunue bodi ndogo, na hapo ndipo amtafute Madieu.

Na asijaribu moduli kwenye mashine yenye TFC ya mtu.

Jana amenijibu: "Yaya, access_ok imenikatala." Nikamuuliza amefanya nini. "Nimeitafuta mu kerneli. Hapa banaipa vitu mbili, kitabu inasema tatu. Nimetosha ile ya kwanza, imepita. Lakini sijue juu ya nini baliitosha." Nimemwambia aendelee kutafuta.

Mwenye flashi ya giga 8 aniandikie tukutane hapa mjini. Nitamwekea vyote bure, isipokuwa vile ambavyo si vyangu kugawa.